Betri ya Kubeba kwa Ajili ya Kuwashia Injini: Namna ya Kuichagua

Mji wa Buseresere katika Wilaya ya Chato, Mkoa wa Geita, umekwisha kuungana na mji jirani wa Katoro kiasi kwamba mgeni apitaye barabarani hawezi kutambua mahali mmoja unapoishia na mwingine unapoanzia. Ni mji wa biashara katika ukanda wa dhahabu, na mahitaji yake ya nguvu ni makubwa. Pale ambapo nguzo za umeme hazijafika, karasha za kusagia mawe ya dhahabu, pampu za kuvuta maji kutoka maduarani na mashine za kukoboa mpunga huendeshwa kwa injini ndogo za dizeli. Injini hizi huwashwa kwa hendeli au kwa stata ya umeme, na mwenye stata hana budi kuwa na betri. Jioni betri hiyo aghalabu hufunguliwa, ikafungwa nyuma ya baiskeli au pikipiki na kupelekwa nyumbani kwa kuogopa wezi.

Mwenye karasha mmoja wa huko alinieleza shida yake kwa maneno haya: "Mwalimu, mwaka huu nimekwisha nunua betri mbili. Ya kwanza ilikuwa N50, ya pili N70, na injini bado inagoma asubuhi. Je, sasa ninunue N100?" Karasha isipozunguka, vibarua hukaa bure, mawe ya watu hubaki kwenye viroba, na wenye mawe huyahamishia kwa mwingine. Kwa hiyo swali lake lilikuwa la fedha kabla ya kuwa la sayansi. Jibu nililompa ndilo msingi wa makala haya: ukubwa wa betri si kipimo cha uwezo wake wa kuwasha injini, na mara nyingi mtu hununua betri kubwa ili kutibu ugonjwa ambao haumo ndani ya betri.

Kazi mbili zilizo tofauti

Betri ya risasi na asidi iligunduliwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na kanuni yake haijabadilika hadi leo. Ndani ya kila seli kuna mabamba ya risasi na mabamba ya oksidi ya risasi, yaliyozama katika asidi ya salfuri iliyochanganywa na maji. Seli moja iliyojaa hutoa volti 2.1 hivi, seli sita zikiungwa mfululizo hutoa kama 12.6, ambazo kwa mazoea twaziita volti 12. Betri itoapo umeme, mabamba yote hufunikwa na salfeti ya risasi na asidi huzidi kuwa nyepesi. Ichajiwapo, mambo hayo hurudi nyuma. Kuwasha injini kwa umeme kulikuja baadaye sana, kwani stata ya Charles Kettering iliwekwa katika magari ya Cadillac ya mwaka 1912; kabla ya hapo kila dereva alikuwa mtu wa hendeli.

Sasa yafaa kutofautisha mambo mawili. La kwanza ni kiasi cha umeme uliomo, kinachopimwa kwa ampea-saa. Betri ya ampea-saa 70 huweza kutoa ampea 3.5 kwa muda wa saa 20. La pili ni wepesi wa kuutoa umeme huo kwa wingi na kwa mara moja. Wachimbaji watanielewa nikisema kwamba duara lenye mlango mmoja mwembamba haliwezi kutoa watu mia kwa dakika moja, hata likiwa na urefu wa kiasi gani kwa chini. Mlango huo katika betri ndio uitwao ukinzani wa ndani, nao hupimwa kwa omu. Ukiwa mdogo, umeme mwingi hupita bila ya volti kushuka sana; ukiwa mkubwa, volti huanguka mara tu stata inapoguswa.

Na tupige hesabu. Tuseme stata ya injini ya silinda moja inavuta ampea 200 kwa sekunde 5. Hizo ni ampea-sekunde 1,000, yaani chini kidogo ya ampea-saa 0.28. Kwa hesabu hiyo, betri ya ampea-saa 70 ingeweza kuwasha injini zaidi ya mara 200 kabla ya kwisha! Kuwasha injini, basi, hakumalizi betri. Sasa tutazame betri ile ile ikiwa nyumbani usiku, ikiwasha taa mbili tatu, televisheni ndogo na kuchaji simu za jamaa na jirani. Vitu hivyo vikivuta ampea 5 kwa saa 6, vimekula ampea-saa 30, yaani umeme wa kuwashia injini zaidi ya mara 100. Mwenye karasha hulaumu stata ilhali mwizi yupo sebuleni.

Tena hasara haiishii hapo. Betri ya kuwashia imetengenezwa kwa mabamba mengi na membamba ili eneo linalogusana na asidi liwe kubwa na mlango wake uwe mpana. Wembamba huo ndio ubora wake, na ndio udhaifu wake pia: ikitolewa umeme hadi karibu na mwisho usiku baada ya usiku, mabamba hubomoka na unga wake hushuka chini ya seli. Betri ya kutumia nyumbani, ile inayouzwa pamoja na mitambo ya umeme wa jua, ina mabamba machache na manene. Huvumilia kutolewa umeme polepole kwa kina, lakini haipendi kudaiwa ampea 200 kwa ghafla. Fundi akuuziaye moja kwa kazi zote mbili anakuuzia betri itakayokufa mapema kwa upande mmoja au mwingine.

Kwa nini volti zishukapo dizeli hukataa

Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Hewa hugandamizwa ndani ya silinda hadi ujazo wake uwe kama sehemu moja ya ishirini, nayo hupata joto linalopita nyuzi 500 za Selsiasi. Dizeli ikinyunyizwa humo hulipuka yenyewe. Lakini joto hilo hupatikana kwa sharti la mwendo. Pistoni ikipanda polepole, hewa huvuja pembeni mwa ringi na joto hupotelea katika chuma baridi. Mwendo wa stata hufuata volti inazozipata. Ndiyo maana injini huweza kuzungushwa kwa dakika nzima pasipo kuwaka, ikazidi kuimaliza betri kwa kila jaribio, ilhali mwendo kidogo zaidi ungaliiwasha kwa sekunde mbili.

Tuchukue betri mbili za ukubwa mmoja. Iliyo nzima ina ukinzani wa ndani wa kama omu 0.005. Ampea 200 zikipita, volti 1 hupotea, na 11.6 hubaki kwa ajili ya stata. Iliyochoka ina omu 0.02, volti 4 hupotea, na 8.6 hubaki. Kabla ya kuguswa, zote mbili zaweza kuonyesha volti 12.6 kwenye mita. Taa ya gari itawaka vizuri kwa zote mbili, na muuzaji atakuonyesha taa hiyo kwa furaha kubwa, kwa kuwa taa huvuta ampea chache tu.

Jambo hili huonekana wazi zaidi katika vitu vidogo. Betri nane kubwa za tochi zikiungwa mfululizo hutoa volti 12 sawasawa na betri ya gari. Lakini kila moja ina ukinzani wa kama omu 0.3, zote pamoja zina omu 2.4, na hata zikiunganishwa ncha kwa ncha bila ya kitu chochote katikati haziwezi kutoa zaidi ya ampea 5. Katika nchi ambazo watu hujiburudisha kwa kurusha ndege ndogo za mfano, tatizo hili limekwisha kujulikana kwa muda mrefu. Injini ya ndege hizo, ambayo huenda ikawa na ujazo wa sentimita 10 tu, huwashwa kwa stata ya mkononi inayogandamizwa mbele ya panga, na betri hubebwa ndani ya kisanduku hadi uwanjani. Wengi wao hutumia betri ya risasi iliyofungwa ya volti 12 na ampea-saa 7, yenye uzito unaozidi kidogo kilo 2. Ni betri ile ile inayokaa ndani ya vifaa vya kulinda kompyuta umeme unapokatika. Yatosha kwa kazi yao kwa kuwa stata yao huvuta makumi machache ya ampea na si mamia. Mwenye karasha anayo stata kubwa zaidi, lakini swali analopaswa kuuliza ni lile lile: je, nikidai ampea ninazozihitaji, volti ngapi zitabaki?

Waya, mahali panaposahauliwa

Nimeona stata iliyofungwa kwa waya wa kutandazia umeme nyumbani, uliosokotwa miwili pamoja ili uonekane mnene. Ukinzani wa shaba wajulikana. Waya wa milimita za mraba 4, ukiwa na urefu wa mita 2 kwenda na mita 2 kurudi, una omu 0.017 hivi. Ampea 200 zikipita humo, zaidi ya volti 3 hupotea, nao waya hupata moto hadi ganda lake kunuka. Waya wa milimita 35 kwa urefu huo huo hupoteza volti 0.4 tu. Kwa bei ya tofauti kati ya N70 na N100 mtu huweza kupata waya mnene na klipu imara, na faida atakayoipata ni kubwa kuliko ya betri mpya. Ikiwezekana, betri na ikaribishwe kwenye stata ili waya uwe mfupi. Kila nusu mita inahesabiwa mara mbili.

Ncha zenye ukungu mweupe au wa kijani nazo ni ukinzani. Zisafishwe kwa maji ya moto na magadi, zikaushwe, zikwanguliwe hadi zing'ae, kisha zikazwe na kupakwa grisi kwa juu.

Kuipima kabla ya kuinunua nyingine

Mita ndogo ya mafundi yatosha. Betri ichajiwe hadi ijae, iachwe kwa saa kadhaa, kisha ipimwe bila ya mzigo. Volti 12.6 au 12.7 maana yake imejaa, 12.2 ni nusu hivi, 12.0 na chini yake ni karibu na tupu. Halafu dizeli ifungwe ili injini isiwake, na mtu mmoja abonyeze stata kwa sekunde chache huku mwingine akisoma mita iliyowekwa juu ya ncha zenyewe za betri, si juu ya klipu. Zikibaki volti 10 au zaidi, betri ni nzima. Zikianguka chini ya 9.6, nayo ilikuwa imejaa, betri imechoka au ina seli moja mbovu.

Kisha hatua ambayo wengi huiruka. Mita iwekwe kwenye stata yenyewe, na stata ibonyezwe tena. Tofauti kati ya kipimo hiki na kile cha kwanza ni volti zinazoibiwa njiani na waya, klipu na swichi. Isizidi volti moja; kwa ufungaji mzuri haifiki hata nusu.

Tulifanya hivyo kwa yule mwenye karasha. Betri yake ya N70 ilionyesha volti 12.3 asubuhi, yaani ilikuwa imetoka nyumbani ikiwa pungufu. Stata ilipobonyezwa, ncha za betri zilibaki na 10.4, ambazo si haba. Kwenye stata zilifika 7.9. Volti 2.5 zilikuwa zimebaki ndani ya waya. Betri ya N100 isingalimfaa kitu. Labda ingaliuunguza ule waya mapema zaidi.

Yaliyoandikwa ubavuni mwa betri

Herufi N50, N70 na N100 hutokana na utaratibu wa zamani wa Kijapani, na kwa kawaida tarakimu yake ni ampea-saa. Herufi CCA ni jambo jingine. Kwa kipimo cha Kimarekani ni idadi ya ampea ambazo betri mpya huweza kuzitoa kwa sekunde 30 katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, pasipo volti zake kushuka chini ya 7.2. Nilipokuwa nikisoma Ulaya ya Kaskazini niliona asubuhi za namna hiyo, magari yakilia kwa uchovu mtaani kote. Buseresere haina asubuhi kama hizo. Hata hivyo tarakimu ya CCA isidharauliwe, maana hutupa habari za ukinzani wa ndani: kati ya betri mbili zenye ampea-saa sawa, yenye CCA kubwa ndiyo yenye mlango mpana.

Adui yetu sisi ni joto. Kanuni itumiwayo na mafundi wa betri ni kwamba kila joto lizidipo kwa nyuzi 10 juu ya 25, umri wa betri ya risasi hupungua kwa nusu hivi. Betri iliyoachwa juani pembeni mwa injini, chini ya bati, huzeeka hata siku ambazo haikutumika. Kivuli hakina gharama. Tena betri iliyokaa dukani miezi mingi bila ya kuchajiwa imekwisha kuota salfeti ngumu, hata kama haijatumika hata siku moja. Mnunuzi na adai betri ya maji ijazwe asidi na kuchajiwa mbele yake, na ile iliyofungwa ipimwe. Ikiwa chini ya volti 12.4 aiache. Pia aiweke kwenye mizani. Betri ya N70 yenye asidi yake hufikia kilo 17 hadi 20, na kati ya mbili zenye umbo moja, nyepesi ndiyo iliyopunjwa risasi. Katika mji unaopima dhahabu kwa gramu, kupima risasi kwa kilo hakutamshangaza mtu.

Betri za lithiamu

Kwa kuwa betri ya kuwashia hubebwa kila siku, wengi huvutiwa na betri za lithiamu, ambazo uzito wake ni kama theluthi moja. Zinazofaa zaidi kwa kazi hii ni zile za lithiamu, chuma na fosfeti, zenye seli nne na volti 12.8. Ni nzuri kwa kweli: ukinzani wake ni mdogo, na hazidhuriki zikikaa nusu tupu. Lakini ndani yake mna kifaa cha ulinzi kinachokata umeme ampea zikizidi kiwango, na betri iliyotengenezwa kwa taa za nyumbani yaweza kukatika kwa ampea 100 au chini ya hapo, stata isipige hata mzunguko mmoja. Mnunuzi asome kiwango hicho, si ampea-saa peke yake.

Tena kuna visanduku vidogo vya kushtulia magari ambavyo huandikwa tarakimu za kutisha, kwa mfano 12,000. Hizo ni elfu za sehemu ya ampea-saa kwa volti 3.7 za seli moja. Zikigeuzwa kuwa za volti 12 ni ampea-saa 3.7 tu. Kisanduku cha namna hiyo, kikiwa halisi, huweza kuokoa injini ya petroli. Kwa dizeli ya karasha, kila asubuhi, mimi nisingekitegemea. Betri ya risasi ina ubora mwingine usiopuuzika: kila fundi anaijua, na kila mahali pana wa kuichaji.

Kuichaji na kuibeba

Injini nyingi hizi hazina jenereta ya kurudishia umeme, hivyo betri huchajiwa pengine. N70 ichajiwe kwa ampea 7 hivi, na volti zisipite 14.4. Juu ya hapo maji hugawanyika kuwa oksijeni na hidrojeni, na hidrojeni ikifika sehemu 4 kwa mia ya hewa hulipuka kwa cheche. Kwa sababu hiyo betri isichajiwe ndani ya chumba cha kulala, wala isiteremshwe ndani ya duara. Anayeazima umeme wa gari la jirani aunganishe waya wa mwisho kwenye chuma cha injini, mbali na betri, ili cheche itokee huko. Betri ya maji ibebwe ikiwa wima. Ile ambayo asidi yake imefyonzwa katika nyuzi za kioo yaweza kulazwa ubavu, na kwa mtu wa pikipiki hiyo ni tofauti ya kweli. Asidi ikirukia macho, yaoshwe kwa maji safi kwa dakika zisizopungua 15 kabla ya kumpeleka mtu zahanati.

Kishikio kidogo kinachofungua vali, kilichopo katika injini nyingi za silinda moja, kitumike hata kama stata ipo. Injini izungushwe pasipo mgandamizo hadi lile gurudumu zito lishike mwendo, ndipo kishikio kiachwe. Betri iliyochoka huweza kuwasha kwa njia hii.

Betri iliyokufa irudishwe kwa wanunuzi wenye idhini. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi na ina bei. Isivunjwe nyumbani kwa ajili ya kuyeyusha risasi ya kuzamishia nyavu ziwani. Huko Owino Uhuru, Mombasa, moshi na maji machafu ya kiwanda cha kuyeyushia betri viliwadhuru wakazi wa mtaa mzima, watoto wakiwa wameumia zaidi, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Risasi iliyokwisha kuingia katika damu ya mtoto hudhuru ubongo, na madhara hayo hayaponyeki.